Chuma Kinachosaga Dhahabu: Hesabu ya Nishati na Hesabu ya Muda

Kwa mizani ya themodinamiki peke yake, feleji ya Hadfield isingepaswa kuwapo. Robert Hadfield aliipata Sheffield mwaka 1882 kwa kutia chumani takriban asilimia 12 ya manganizi na asilimia 1.2 ya kaboni. Ukikokotoa msawazo wake katika joto la kawaida, jibu ni kwamba sehemu ya chuma hicho ilipaswa kugeuka feraiti na kabaidi (muungano wa metali na kaboni), na kipande kizima kiwe kinakatika kwa pigo moja. Hata hivyo feleji hiyo imeishi zaidi ya karne moja katika taya za mashine za kuvunjia mawe, katika makutano ya reli na ndani ya vinu vya migodi, na kadiri inavyopigwa ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Siri yake ni maji. Kipande hupashwa moto kupita nyuzi 1000 za Selsiasi mpaka kaboni yote iyeyuke ndani ya austenaiti, yaani mpangilio wa atomi za chuma wa joto la juu, kisha huzamishwa majini haraka ili atomi zikose nafasi ya kufika kule nishati inakozivuta.

Kuna maswali mawili hapo, na katika vyuo vingi hufundishwa kana kwamba hayajuani. La kwanza linauliza aloi inaelekea wapi. La pili linauliza itafika umbali gani kabla ya kupoa. Makala haya yanadai kwamba ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, unaosaga miamba migumu usiku na mchana, ni mahali ambapo maswali hayo yanapaswa kujibiwa kwa pamoja, kwa hesabu moja, na kwamba sababu za kufanya hivyo huku ni tofauti na zile zilizozisukuma nchi zenye viwanda vikubwa.

Jiwe ndilo linaloweka masharti. Dhahabu ya Geita imo ndani ya miamba ya kale iliyo kusini mwa Ziwa Victoria, na sehemu kubwa yake imehusishwa na tabaka za chuma na silika zilizopangana kama mistari. Silika hiyo ni kwatzi, na kwatzi haina huruma. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji wake wa sasa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, uliofuata mwaka 2001, yote miwili haina budi kulisaga jiwe hilo hadi liwe unga kabla ya kuipata dhahabu. Wachimbaji wadogo nao hufanya vivyo hivyo kwa kipimo chao: mawe kutoka duarani, yaani shimoni, huvunjwa kwa nyundo, halafu huingizwa kwenye karasha, pipa la chuma linalozungushwa kwa mota au injini ya dizeli huku gololi za chuma zikiyaponda ndani yake. Iwe ni kinu chenye kipenyo cha mita kadhaa au karasha la kijijini, gololi na bamba za ndani huliwa na jiwe na hubidi zibadilishwe kila mara.

Kasi ya kuliwa huko inategemea jambo ambalo macho hayalioni. Chuma cheupe kilichotiwa kaboni nyingi huwa na kabaidi iitwayo sementaiti, na ugumu wake unakaribiana na ule wa kwatzi au uko chini yake kidogo. Kwa hiyo jiwe huweza kuikwangua. Kromi ikiongezwa ya kutosha, kwa kawaida kuanzia karibu asilimia 12, kabaidi inayojitokeza hubadilika na kuwa ile yenye atomi saba za metali kwa kila tatu za kaboni, ambayo wataalamu huiandika M7C3. Hiyo ni ngumu kuliko kwatzi. Gololi mbili za uzito mmoja, rangi moja na zilizotoka katika kalibu moja zinaweza basi kuwa na maisha tofauti kabisa, kwa sababu tu uwiano wa kromi na kaboni katika myeyuko mmoja ulikuwa chini kidogo ya ulivyotakiwa.

Ni kabaidi ipi itajitokeza ni swali la nishati huru, ile aliyoielezea Josiah Willard Gibbs wa Marekani katika miaka ya 1870. Kila fezi, yaani kila namna atomi zinavyoweza kujipanga, ina nishati yake kwa joto fulani na mchanganyiko fulani. Mpangilio wenye jumla ndogo kuliko yote ndio msawazo. Kwa elementi mbili, mchoro wa fezi unaweza kupimwa maabara nukta kwa nukta. Kwa elementi sita au saba, kama zilivyo katika chuma halisi cha kinuni, vipimo vinavyohitajika ni vingi mno kwa maabara yoyote.

Larry Kaufman na Harold Bernstein walionyesha njia katika kitabu chao cha 1970: tengeneza mlinganyo wa nishati kwa kila fezi katika mifumo ya elementi mbili na tatu, usawazishe mlinganyo huo na vipimo vilivyopo, kisha iachie kompyuta ikokotoe mifumo mikubwa zaidi. Njia hiyo ikapewa jina CALPHAD, na tangu 1977 ina jarida lake. Mfumo wa chuma, kromi na kaboni, ambao ndio moyo wa gololi ngumu, ulitathminiwa na Jan-Olof Andersson mwaka 1988. Ule wa chuma, manganizi na kaboni, moyo wa feleji ya Hadfield, ukatathminiwa na Weiming Huang mwaka 1990. Kazi hizo mbili zilichapishwa katika majarida yanayosomwa dunia nzima. Yeyote mwenye subira anaweza kuzitumia.

Lakini msawazo haujui saa. Hauna habari kwamba bamba lina unene wa sentimita 5 au 15, wala kwamba maji ya pipani yameshapata moto kwa sababu vipande vitatu vimetangulia. Hapo ndipo mkondo wa pili wa utafiti unapoingia. John Cahn na John Hilliard walichapisha mwaka 1958 nadharia ya nishati ya mfumo ambamo mchanganyiko unabadilika kutoka nukta moja hadi nyingine. Kutokana na mawazo hayo ikakua mbinu ya uga wa fezi. Badala ya kuufuatilia mpaka mkali kati ya fezi mbili, jambo linaloisumbua sana kompyuta, mbinu hii huupa kila mahali namba inayopanda taratibu kutoka 0 hadi 1 kadiri unavyotoka fezi moja kuingia nyingine. Mpaka unakuwa ukanda mwembamba, na milinganyo yenyewe huusogeza. Ryo Kobayashi wa Japani alipoonyesha mwaka 1993 matawi ya fuwele yakikua ndani ya kioevu kilichopozwa, wengi walishawishika kwamba maumbo yanayoonekana kwenye hadubini yanaweza kuzalishwa upya kwa hesabu.

Mbinu hizo mbili zinahitajiana. Uga wa fezi unajua kusogeza mipaka, lakini kwa nguvu gani? Nguvu hiyo ni tofauti ya nishati huru kati ya fezi, nayo hutoka CALPHAD. CALPHAD inajua nishati, lakini haina habari ya umbo, ukubwa wala mahali. Zikiunganishwa, katika kila hatua ya muda programu huuliza kanzidata ya themodinamiki nishati ya kila fezi mahali hapo, huuliza kanzidata ya pili kasi ya atomi za kila elementi, kisha husogeza mpaka kidogo na kuuliza tena. Gharama yake ni kubwa, maana maswali hayo hurudiwa mamilioni ya mara. Kwa hiyo wataalamu hufupisha njia: hukokotoa majedwali mapema, au huchukua msawazo wa nukta chache na kukadiria uliobaki.

Tuurudie mfano wa Hadfield kwa namba. Muda unaohitajika ili joto litoke katikati ya kipande hukua kwa mraba wa unene wake. Bamba la sentimita 15, hata maji yakiwa yanafanya kazi yao sawasawa, katikati yake hupoa kwa muda wa takriban mara tisa ya bamba la sentimita 5. Tatizo linazidishwa na feleji yenyewe, kwa kuwa upitishaji wake wa joto ni chini ya theluthi moja ya ule wa feleji ya kawaida yenye kaboni kidogo. Nayo kaboni ni atomi ndogo inayojipenyeza katikati ya zile kubwa. Karibu na nyuzi 700 inaweza kusafiri mikromita kadhaa kwa dakika chache. Umbali huo unatosha kuifikisha kwenye mipaka ya chembe, ambako hujenga utando mwembamba wa kabaidi. Utando huo ndio njia ya ufa. Themodinamiki inatuambia utando utatokea chini ya joto gani. Hesabu ya muda inatuambia kama utatokea katika bamba hili, la unene huu, kwa maji haya. Mhandisi anayejua jibu moja tu hana jibu.

Chuma chenye kromi nyingi kina mtego wake pia. Baada ya kusubiwa, hupashwa tena kwa saa kadhaa kati ya nyuzi 950 na 1050 hivi, ili kabaidi ndogo zijitokeze ndani ya austenaiti na kuipunguzia kaboni na kromi. Ikishapungukiwa, austenaiti hiyo inaweza kugeuka martensaiti ngumu ikipoa hewani. Fundi anayetaka ugumu zaidi huenda akaongeza moto, na hapo hujikwaa: moto ukizidi, kaboni zaidi hubaki imeyeyuka, austenaiti zaidi hukataa kugeuka, na ugumu hushuka. Joto bora hutegemea mchanganyiko kamili wa myeyuko ule. Majedwali ya vitabuni hutoa wastani wa aloi zinazofuata viwango.

Na kufuata viwango ndiko kunakotofautisha hali ya huku na ya kwingine.

Marekani na Ulaya zilipounganisha mbinu hizi, lengo lilikuwa aloi mpya. Greg Olson na wenzake walianzisha kampuni ya QuesTek mwaka 1997, wakabuni kwa hesabu feleji ya miguu ya ndege za kivita. Mwaka 2011 serikali ya Barack Obama ilitangaza mpango wa kitaifa wa kufupisha muda wa kuzifikisha metali na vifaa vipya sokoni. Katika mazingira yale malighafi ni safi na muundo wake unajulikana. Kinachotafutwa ni mchanganyiko ambao bado haujajaribiwa. Karakana ya kusubu ya Afrika Mashariki inakabili swali lililo kinyume. Malighafi yake ni chuma chakavu: springi za malori, vipande vya injini, vipuri vya mashine zilizokufa. Mchanganyiko haujatafutwa na mtu, umeletwa na mzigo wa siku hiyo. Ndani yake mna shaba kutoka kwenye nyaya, bati, fosforasi, nikeli kidogo, kila moja kwa kiasi kinachobadilika kutoka myeyuko hadi myeyuko.

Fosforasi ndiyo mfano mzuri. Katika feleji ya manganizi, ikizidi sehemu ndogo ya asilimia moja, hukusanyika katika kioevu cha mwisho kuganda, ambacho huganda kwa joto la chini kwenye mipaka ya chembe na kuiacha dhaifu. Hesabu ya kuganda iliyoanzishwa na Gulliver mwaka 1913 na kukamilishwa na Scheil mwaka 1942 inadhani kwamba atomi hazisogei kabisa ndani ya kigumu, na kwamba kioevu huchanganyika kikamilifu. Ni dhana nyepesi, ila kwa fosforasi inatoa onyo la haraka: kwa kiasi hiki, kioevu cha mwisho kitabaki hadi nyuzi fulani, na kitakuwa na fosforasi mara kadhaa ya ile ya wastani. Onyo hilo, likitolewa kabla tanuri haijainamishwa, humpa msimamizi nafasi ya kuongeza chuma safi au kuuelekeza myeyuko kwenye kazi isiyopigwa sana. Likija baada ya bamba kupasuka kinuni, limechelewa.

Ndiyo maana hoja hii inastahili kusukumwa kwa nguvu: mahali ambapo malighafi hazitabiriki, hesabu iliyounganishwa ina thamani kubwa kuliko mahali ambapo kila gunia lina cheti. Imezoeleka kusema kwamba sayansi ya namna hii ni ya nchi zilizokwisha kuendelea, na kwamba huku watu waanze na mambo ya msingi. Lakini kuutawala mchanganyiko unaobadilika kila siku ndilo jambo la msingi lenyewe.

Mazingira ya kisera yameanza kuegemea upande huo. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinaitaka migodi iwape kipaumbele watoa huduma na bidhaa wa ndani. Hata hivyo mgodi hauwezi kununua gololi kwa uzalendo pekee. Gololi ikipasuka ndani ya kinu kikubwa, vipande huharibu pampu na machujio, na kinu kilichosimama kwa saa chache hugharimu zaidi ya kilichookolewa katika bei. Anayetaka kumuuzia mgodi wa Geita au Bulyanhulu lazima aonyeshe kwamba shehena ya mwezi huu itakuwa sawa na ya mwezi uliopita, ilhali chakavu chake si kilekile. Kwa kubahatisha hilo haliwezekani.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Nishati ya mpaka kati ya fezi mbili, ambayo huamua ukubwa wa chembe zinazojitokeza, ni vigumu kuipima, na kosa dogo ndani yake hubadilisha sana kasi ya kuzaliwa kwa chembe mpya. Kanzidata kamili za feleji ni za kibiashara na ada zake ni kubwa. Zile za bure zina elementi chache, na bati au fosforasi mara nyingi hazimo. Tena picha za uga wa fezi zinapendeza mno, na uzuri huo humfanya mtazamaji aamini kabla ya kuhakiki. Hoja hizi ni za kweli, na jibu lake liko kwenye hadubini: kila matokeo ya kompyuta yalinganishwe na kipande kilichokatwa, kilichong'arishwa na kutiwa asidi. Karakana ambayo haina hata hadubini ya mwanga ianze na hadubini. Wengine hupendekeza kuiruka fizikia na kuifundisha kompyuta kwa mifano tu. Njia hiyo hudai maelfu ya vipimo vilivyokwisha kufanyika, na vipimo ndivyo vilivyo adimu. Milinganyo ya nishati imebeba ndani yake kazi ya maabara ya miongo mingi iliyofanywa kwingineko, na ni urithi unaoweza kupokelewa bila kuirudia kazi yote.

Zana zenyewe zimekuwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Bo Sundman, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa programu ya kibiashara ya Thermo-Calc huko Stockholm, aliongoza baadaye uundaji wa OpenCalphad, ambayo ni huria. Richard Otis na Zi-Kui Liu waliitangaza pycalphad mwaka 2017, nayo ni huria. Ipo kawin, inayoungana na pycalphad ili kukokotoa kuzaliwa na kukua kwa chembe, na hesabu zake nyingi hutosha kwenye kompyuta ya mkononi. Kwa uga wa fezi wa vipimo vitatu kuna MOOSE, iliyotoka maabara ya taifa ya Idaho. Hiyo ndiyo inayohitaji mashine kubwa. Kuhusu watu, shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa miundo ya elektroni, iliyoanza Cape Town mwaka 2010, ilifanyika Eldoret mwaka 2012, na taasisi ya utafiti wa sayansi za msingi ya Afrika Mashariki imefunguliwa Kigali tangu 2018. Vijana waliopitia mafunzo hayo hukokotoa nishati za fuwele kuanzia kwenye atomi, na namba hizo ndizo zinazozibia mapengo ya CALPHAD pale ambapo hakuna kipimo. Kutoka hapo hadi kwenye bamba la kinu ni hatua mbili tu, ila hakuna aliyepewa kazi ya kuzipiga.

Kuna aloi nyingine katika ukanda huu, na hiyo inagusa afya za watu. Katika mialo ya Geita, yaani mahali pa kuoshea unga wa jiwe, zebaki huchanganywa na unga uliooshwa, huishika dhahabu na kufanya donge jeupe la aloi ya metali hizo mbili. Donge huchomwa, zebaki hutoka kama moshi, na dhahabu hubaki kama sifongo. Kijiji cha Rwamagasa kilichunguzwa chini ya mradi wa dunia wa zebaki wa shirika la UNIDO, mmoja kati ya miradi iliyofanyika katika nchi sita, na madhara kwa wachomaji yakaandikwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, na wengi huamini kwamba donge likishakuwa jekundu kazi imekwisha. Sivyo. Zebaki iliyoungana na dhahabu haitoki kwa urahisi wa zebaki huru. Kadiri inavyopungua, mvuke wake hupungua nguvu. Wakati huohuo chembe za dhahabu hushikamana na kuziba vitundu ambavyo mvuke ulikuwa ukipitia. Sifongo hufika dukani mjini bado ina asilimia chache za zebaki, na zebaki hiyo hutoka siku mnunuzi anapoiyeyusha, ndani ya chumba chenye watu ambao hawakuwahi kufika mwaloni.

Hili ni tatizo la elementi mbili tu. Nishati za fezi zake zinaweza kukokotolewa, kusambaa kwa zebaki kunaweza kuigwa, kuziba kwa vitundu kunaweza kufuatiliwa kwa uga wa fezi. Swali ni la wazi: retoti, yaani chombo kilichofungwa cha kuchomea donge, ishikiliwe kwa joto gani na kwa muda gani ili sifongo iliyopozwa isibaki na zebaki ya kumdhuru mtu wa dukani? Mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha angeweza kulifanyia kazi kwa programu huria, kisha akalipima kwa retoti halisi. Huku wachimbaji wakisubiri njia zisizotumia zebaki kabisa, ambazo ndizo lengo sahihi, jibu hilo lingepunguza sumu mara moja.

Kwa upande wa vinu, kinachokosekana kwanza ni kumbukumbu. Kila bamba lililochakaa linalotolewa kinuni Geita au Bulyanhulu limebeba historia yake: mchanganyiko wake, chembe zake, utando wa kabaidi kama ulikuwapo, na tani za jiwe lililosagwa kabla halijaondolewa. Kwa kawaida huishia kwenye lundo la chakavu. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikikatwa kutoka kila shehena, kikaandikwa namba, tarehe ya kufungwa na ya kufunguliwa, unene uliobaki na aina ya jiwe, kisha kikapelekwa chuoni kung'arishwa na kuchambuliwa, miaka michache ingetosha kupata vipimo ambavyo hakuna kanzidata ya kibiashara inayoviuza: vipimo vya chuma cha huku dhidi ya jiwe la huku. Pembeni ya tanuri, kwenye karakana zinazosubu kwa ajili ya makarasha, waya wa kupimia joto uliofungwa ndani ya kalibu moja kwa wiki ungetoa mikunjo ya kupoa ambayo hesabu zote za muda zinaingojea. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya gololi zinazoliwa katika kinu kikubwa kimoja, na kazi ya kwanza inaweza kuanza na bamba lolote litakalofunguliwa katika ukarabati ujao.